"Nipo njiani" ni wapi? Mwongozo wa kupunguza utata katika maongezi ya kila siku

Shuleni utata wa maneno hufundishwa kwa mifano ileile miaka nenda rudi: paa wa porini na paa la nyumba, tembo wa mbugani na tembo la mnazi, mbuzi wa kuchinja na mbuzi ya kukunia nazi. Mifano mizuri ya mtihani. Ila sijawahi kusikia mtu aliyeagiza mbuzi ya kukunia nazi akaletewa beberu. Maneno ya namna hiyo hayamponzi mtu, kwa sababu mazingira yenyewe yanakwambia kinachozungumzwa.

Yanayotugombanisha ni yale ambayo kila mtu anadhani anayajua: kesho, karibu, kidogo, sisi, hamsini, nakuja. Kabati halikufika, mgeni kakosa ndege, ndugu hawasemezani kwa ajili ya kiwanja, na ukichimba unakuta hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema alichokusudia na mwenzake akasikia kingine. Hatua zifuatazo ni za kuzuia hilo. Nimezipanga kwa kufuata mahali penye hasara zaidi, kwa hiyo usishangae nyingine zikiwa ndefu na nyingine fupi.

Hatua ya kwanza: saa na siku

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza na likizama. Saa ya kwenye simu huanza usiku wa manane. Tofauti ni saa 6, na ukiwa unaongea kwa mdomo haikusumbui. Tabu inaanza kwenye maandishi. Mtu akikuandikia "tukutane 8 pale stendi", je, kasoma simu yake, yaani ni saa mbili, au kaandika anavyotamka, yaani ni saa nane mchana? Huwezi kujua kwa kuitazama meseji. Kwa hiyo unapoandika, usiache neno "saa" wala sehemu ya siku: saa 8 mchana, saa 2 usiku. Tiketi ya basi au ndege inukuu kama ilivyo kisha uifafanue palepale: "14:00, yaani saa nane mchana".

Usiku una mtego wake. Ndege ya Jumatano 00:40 huwaacha watu kila mara, kwa sababu mtu anajiandaa Jumatano mchana kutwa, anafika uwanjani usiku, kumbe ndege ilishaondoka tangu usiku uliotangulia, alipokuwa amelala. Dawa ya hili magazeti yetu yamekuwa nayo siku zote: "usiku wa kuamkia Jumatano". Itumie. Pwani ndiyo inahitajika zaidi, maana kwa hesabu ya Kiislamu siku inaingia na magharibi. Mzee wa Lamu au Unguja akikualika maulidi "usiku wa Ijumaa", kuna uwezekano mkubwa anazungumzia Alhamisi baada ya isha. Ukienda Ijumaa usiku utakuta mikeka ilishakunjwa.

"Jumamosi ijayo" nayo usiiache hivihivi. Ikisemwa siku ya Jumatano, nusu ya kikao itaelewa Jumamosi ya wiki hiihii na nusu itaelewa ya wiki ya pili. Taja tarehe, basi. Na "juzi" ni siku iliyotangulia jana, lakini "juzi tu hapa" inaweza kuwa mwezi mzima. Kwenye stori za kijiweni haidhuru. Daktari akikuuliza homa ilianza lini, mpe siku.

Hatua ya pili: usiulize lini, uliza kinachotangulia

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi hata kwa mtu asiyetaka kukwambia ukweli. Sikiliza mazungumzo haya ya karakana ya seremala:

— Fundi, kabati litakuwa tayari lini?
— Wiki ijayo bosi, ondoa shaka.
— Wiki ijayo siku gani?
— Tuseme katikati ya wiki hapo.
— Haya. Mbao umeshanunua?
— Mbao naenda kuzifuata.
— Ulipata za mninga?
— Kuna jamaa kaniahidi.

Maswali mawili ya kwanza yamezaa matumaini. Mawili ya mwisho yamezaa taarifa: mbao hazipo, na hata muuzaji hajapatikana kwa uhakika. Wiki ijayo hakuna kabati. Fundi hakukudanganya popote, maana "wiki ijayo" kwake ni nia aliyonayo, siyo hesabu aliyopiga. Ukimbana kwenye tarehe atakupa tarehe, kwa kuwa ndicho unachokitaka kukisikia. Ukimuuliza kitu ambacho lazima kiwe kimeshafanyika, jibu litakuwa ndiyo au bado.

Mshonaji muulize kama kitambaa kimeshakatwa. Karani wa ofisi muulize faili liko kwenye meza ya nani. Aliyesema "nipo njiani" usimuulize yuko wapi, maana atajibu "hapa karibu" huku anatafuta kiatu. Muulize kama ameshapita kituo fulani. Kwa anayetoka Kibaha kuja mjini Dar, "umeshapita Mbezi?" inatosha. Akisema "bado kidogo", chemsha chai yako unywe.

Hatua ya tatu: fedha zitamkwe mpaka mwisho

Tuna mazoea ya kumeza ukubwa wa namba. "Mbili na nusu" kwa muuza nguo ni 2,500, kwa muuza simu ni laki mbili na nusu, na kwa dalali wa viwanja ni milioni mbili na nusu. Wote wanaongea vizuri mpaka siku mteja mgeni anapoingia. Ukisikia namba fupi, irudie ikiwa ndefu: "laki mbili na elfu hamsini, siyo?" Hutaonekana mshamba. Mipakani, Namanga au Holili, ongeza na nchi, kwa kuwa shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina jina moja na thamani mbalimbali kabisa.

Baada ya kiasi, uliza kimebeba nini. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa:

Kwa fundi: bei ni ya ufundi peke yake au pamoja na vifaa? Usafiri wa vifaa juu ya nani? Advansi ni sehemu ya bei au ni nyongeza?

Kwa nyumba ya kupanga: kodi ni ya mwezi, lakini inalipwa ya miezi mingapi kwa mkupuo? Luku ya umeme ni yako peke yako au mnachangia na jirani? Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwako, kwa mwenye nyumba, au kwa wote wawili?

Kwa pesa ya kwenye simu: Watanzania tumejitengenezea usemi mfupi ulio bora kuliko masharti ya mkataba, yaani "na ya kutolea". Ukimwambia mtu "nitumie elfu hamsini", akatuma hamsini kamili, mkononi utapata pungufu kwa sababu ya ada ya kutoa. Wewe utaona amelipa nusunusu, naye ataona amelipa yote. Sema mapema: hamsini na ya kutolea, au hamsini bila ya kutolea.

Hatua ya nne: kipimo kiwe na jina lake

Mashambani Tanzania watu husema "heka" wakimaanisha eka, ile ya hatua 70 kwa 70, ambayo ni takribani mita za mraba 4,047. Hekta ni mita za mraba 10,000, yaani karibu eka mbili na nusu. Mtu wa mjini aliyezoea makaratasi akisikia "heka tano" akawaza hekta, amelipia shamba ambalo halipo. Vilevile kiwanja cha "ishirini kwa ishirini": ni mita au ni hatua? Hatua za nani, za dalali mfupi au za mwenye eneo mrefu? Nendeni na futi kamba, mpime mkiwa wawili, muandike "mita".

Gunia nalo. Kenya gunia la mahindi kwa desturi huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100, na ukikutana na lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, hujui umenunua nini mpaka lipande mzani. Tripu ya mchanga inategemea gari. Usiulize tripu ni bei gani kabla hujauliza ni lori la tani ngapi.

Dawa niiweke hapahapa maana nayo ni kipimo. Kwenye bahasha ya vidonge utaona "1x3". Hiyo ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Wapo wanaomeza vyote vitatu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, kwa kuwa "siku" kwao ni mchana, na wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo. Muulize mfamasia swali moja: kila baada ya saa ngapi? Mara tatu kwa siku, hasa kwa antibayotiki, kwa kawaida ni kila baada ya saa 8. Na kwa dawa ya maji ya mtoto, "kijiko kimoja" uliza ni cha chai, ambacho ni mililita 5, au cha chakula, ambacho ni 15. Tofauti ni mara tatu, na mtoto ni mdogo. Ikiwa kwenye boksi kuna kipimio, tumia hicho, vijiko vya jikoni uviache jikoni.

Hatua ya tano: nani anafanya, nani analipa

Vitenzi vyetu vina uwezo wa ajabu wa kubeba mtu ndani bila kusema amebebwa kwa lipi. "Niuzie hii simu" inaweza kuwa ombi la kununua au ombi la kutafutiwa mteja. "Nikatie tiketi ya Jumapili" haisemi tiketi inalipiwa na nani. "Ninunulie unga ukirudi" ndani ya nyumba haina shida, kati ya majirani ina shida ya kimya kimya: mmoja anasubiri kurudishiwa, mwingine anashukuru kwa zawadi. Ongeza maneno mawili tu. "Nikatie tiketi, pesa nakutumia sasa hivi." "Nitafutie mteja wa hii simu."

Kiambishi "tu-" nacho kina tabia ya kuwaingiza watu wasiokuwemo. Kwenye kikao cha harusi mtu akisema "tutachangia ukumbi", nani hasa? Upande wa bwana harusi, pande zote, au kamati? Mwenye kalamu ya kikao ana kazi moja: kila "tu" aigeuze kuwa jina na kiasi. (Viongozi wanapoahidi kwamba "suala linafanyiwa kazi" hata hiyo "tu" haimo, kwa hiyo hakuna wa kumgeuza jina. Uliza idara.)

Na kuna "yake". "Juma alimwambia Ali kuwa baba yake amelazwa." Baba wa nani? Kwenye simu ya usiku wa manane sentensi hii inaweza kumliza asiyehusika. Rudia jina: "baba yake Ali". Vivyo hivyo "mtoto wa mwalimu aliyehamia Arusha", ambapo hatujui kahama mtoto au mwalimu. Ikate sentensi iwe mbili. Ukiwa unajaza fomu ya mdhamini au mnazungumzia mirathi, "ndugu yangu" na "baba yangu" havitoshi. Sema kaka wa tumbo moja, baba mdogo, mtoto wa mama mkubwa. Lugha imeshakupa maneno hayo, ni uvivu tu kutoyatumia.

Hatua ya sita: swali lisianze na kukanusha

"Hujalipa?" Mswahili wa kawaida ambaye hajalipa atajibu "ndiyo", yaani ni kweli ulivyosema, sijalipa. Aliyekulia kwenye Kiingereza, ambaye pia hajalipa, atajibu "hapana". Na aliyelipa naye anaweza kujibu "hapana", akikataa kauli yako. Neno lilelile, hali mbili zinazopingana. Kaunta ya duka mtasameheana, lakini "huna mzio wa dawa yoyote?" ikijibiwa "hapana" na nesi akaandika anavyojua yeye, huo ni mchezo mbaya.

Uliza kwa kuweka njia zote mbili mezani: "umelipa au hujalipa?" Nawe ukiulizwa, jibu kwa kitenzi: "sijalipa", "nina mzio wa penisilini". Ndiyo na hapana ziache zipumzike.

Hatua ya saba: mpe mtu nafasi ya kukataa

Hapa ndipo miongozo mingi ya "kuongea wazi" hukosea, kwa kudhani utata wote ni uzembe. Sehemu kubwa ya utata wetu ni adabu. Mtu hakwambii hapana usoni, tena mbele ya watoto au baada ya kula kwako. Atasema "tutaona", "nitajitahidi", "nikipata nafasi nitapita", "inshallah". Inshallah ya mwenye kukusudia kwa kawaida huja na maelezo: "Inshallah, nitatoka na basi la kwanza." Ikija peke yake, ikavutwa kidogo mwishoni, jipange vingine.

Usimbane kwa "niambie ukweli, utakuja au huji?" Umemgeuza mshtakiwa, na atasema atakuja ili yaishe. Mwambie hivi: "Shemeji, najua mambo ni mengi. Kama haitawezekana niambie tu, nijipange mapema, wala sina neno." Umemwondolea aibu ya kukataa, kwa hiyo hana sababu ya kukudanganya. Kwa mkubwa wako ongeza unyenyekevu na umwachie yeye kuchagua: "Mzee, nije kuchukua jibu Alhamisi au nisubiri uniite?" Akisema subiri nikuite, umeshajibiwa.

Sikiliza pia kinachokuja baada ya salamu. "Habari za nyumbani?" hujibiwa "nzuri" hata kama kuna msiba. Habari yenyewe iko nyuma ya "ila" au "tu": "nzuri, ila mama hajaamka vizuri", "tupo tu". Na "kidogo" haipimi kwa usawa. Mzee anayesema "naumwa kidogo" huenda hajalala siku mbili, lakini mgonjwa akisemwa "hajambo kidogo" ni kwamba anapata nafuu. Uliza anakula? Anasimama mwenyewe? Hayo hayana kidogo.

Hatua ya nane: meseji moja baada ya maongezi

Mkishakubaliana kwa mdomo, tuma meseji fupi siku hiyohiyo. Siyo mkataba, ni ukumbusho, na uuandike kwa sauti ya shukrani ili usionekane humwamini mtu:

"Asante fundi kwa leo. Tumekubaliana kupaka vyumba viwili, mikono miwili ya rangi kila ukuta, ufundi 120,000, rangi nanunua mimi. Unaanza Jumatatu tarehe 9 saa 2 asubuhi. Kama kuna nilipokosea nirekebishe."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Akijibu "sawa" peke yake, ujue "sawa" ya kwenye simu inaweza kuwa nimekubali, nimeiona, au nimechoka na wewe. Kwa jambo lenye pesa subiri jibu lenye kitu ndani yake: "sawa bosi, Jumatatu saa mbili".

Pa kuacha palivyo

Usiutoe utata kila mahali. Jirani aliyevaa kanga yenye maneno ya kukuchoma amechagua kanga kwa sababu akiulizwa anaweza kusema kaipendea rangi, na wewe ukiuliza umekubali kuwa yamekuhusu. Pita. Utani wa watani, mafumbo ya wazee, "karibu chakula" ya mtu ambaye sahani yake imebaki matonge mawili: hivyo havidai ufafanuzi. Na mgeni kutoka nje akiletewa "soda ya moto" msimweleze haraka kuwa ni isiyotoka kwenye friji. Mwacheni kwanza aiguseguse chupa.

Kama kutoelewana kumeshatokea

Usianze na "wewe ulisema". Anza na "mimi nilielewa hivi, wewe ulielewaje?" kisha muache amalize. Mara nyingi utasikia pale palipopinda, na mwenzako atapasikia pia. Meseji ikiwepo, isomeni pamoja kwenye simu moja. Isipokuwepo, na maneno kweli yalikuwa na njia mbili, hasara igawanywe: kama ulisema "krimu" na ukuta umetoka wa njano, fundi atoe nguvu zake kuurudia na wewe ununue ndoo nyingine. Safari hii mchague rangi kwa namba iliyo kwenye kadi ya kiwanda.